Kimya Nilichokiita Ndiyo

Ngao, Jumapili baada ya ibada

Kwako Esta, binti yangu, uliye chumba cha pili:

Nasikia ufagio wako ukienda na kurudi mahali pale pale, kwa hiyo najua kwamba hufagii. Nami nakuandikia kana kwamba tayari uko nchi ya mbali, kwa sababu nilicho nacho siwezi kukisema kwa kinywa bila kukigeuza hotuba. Unanijua. Nikianza kusema, hata kuku hutoka nje kunipisha. Karatasi itanilazimisha nimalize hoja moja kabla sijarukia nyingine, nawe utakuwa na ruhusa ya kuiweka chini wakati wowote utakapochoka, bila mtu kukuita mkosefu wa adabu.

Mambo ya sabuni, ya chandarua na ya kutoazimisha kitana chako, mama yako amekwisha kuyasema mara tatu, na bibi yako ameyasema mara nne kwa kuyageuza. Siyarudii. Nina swali moja tu, na barua yote hii, hata ikirefuka, inalizunguka hilo: je, unataka kwenda?

Kesho asubuhi lori litakungoja Garsen, ng'ambo ya kivuko, likuchukue mpaka Malindi, na kutoka hapo safari ndefu ya shule. Tangu Jumatano, nilipoisoma ile barua ya kukubaliwa kwako mbele ya nyumba nzima na majirani wawili, nikaongeza na maneno yangu machache ambayo hayakuwa machache, hujatamka hata neno moja juu ya shule. Umesema kuku mwekundu ametaga. Umesema chumvi imekwisha. Umemcheka mdogo wako alipotumbukia mtoni na nguo za kanisani. La shule, hakuna. Nami kwa siku nne nimekuwa nikimwambia kila niliyekutana naye kwamba umekubali kwa furaha kubwa.

Mchana huu bibi yako amenikuta nikimwambia hivyo mgeni wa tano au wa sita. Alingoja mgeni aondoke, kisha akauliza:

"Umemwuliza?"

"Mama, mtoto amekubali. Hakusema lolote."

"Hakusema lolote, ndiyo kukubali?"

"Angekuwa hataki, angesema."

Akanitazama kama anavyomtazama samaki wa juzi. "Na wewe ndiwe uliyeingiza ng'ombe kwenye mihogo yangu kwa akili hizo hizo. Kumbe chuo kikuu kilikurudisha vile kilivyokuchukua."

Ndipo nikaingia ndani na kushika kalamu. Kisa cha ng'ombe na mihogo unakijua kwa jinsi anavyokisimulia yeye, nawe hucheka pamoja na wengine, na sikulaumu, kwa maana anakisimulia vizuri. Lakini yeye husimulia yaliyotokea shambani. Kosa lenyewe lilitokea ndani ya kichwa changu, mahali ambapo yeye hakuwapo, na leo nataka ulisikie kutoka kwa shahidi.

Nilirudi kutoka chuo kikuu kule Uganda nikiwa na shahada, suti moja, na masanduku mawili ya vitabu ambayo wachukuzi wa kivukoni waliyalaani kwa lugha tatu. Nilikuwa nimeoa mapema, nikakupata wewe kabla sijaota ndevu za kutosha, nikafundisha miaka kadhaa, kisha nikarudi darasani wakati wenzangu wanajenga nyumba zao za pili. Niliporudi nilitaka kila mtu aone kwamba miaka ile haikupotea. Sioni haya kuwa na fahari ya elimu yangu. Niliipata kwa jasho, na mpaka leo naipenda kama siku ya kwanza. Ila fahari ni kama baiskeli mpya. Mwenyewe hutafuta safari hata pasipo na pa kwenda.

Safari ikapatikana. Bwana Shauri wa wakati ule, afisa wa serikali ya Kiingereza, kijana wa umri wangu mwenye pua iliyobabuka kwa jua, aliitisha baraza Garsen juu ya malka, akanitaka niwe mkalimani. Wewe unajua malka ni nini, umekua ukiruka mavi ya ng'ombe njiani humo. Lakini huko uendako watakuuliza, basi zoea kueleza. Ni njia iliyoachwa wazi kati ya mashamba yetu sisi Wapokomo ya mtoni, ili ng'ombe wa Waorma wakitoka nyikani wakati wa kiangazi wapite kunywa maji bila kukanyaga chakula cha mtu. Haina uzio wala ramani. Inalindwa na kumbukumbu za watu wa pande zote mbili.

Serikali ilitaka malka iliyo karibu na mihogo ya bibi yako ifungwe, palimwe mpunga, na wafugaji waende kunyweshea mbele zaidi, kuelekea Kau. Bwana Shauri aliyasema hayo kwa upole na kwa utaratibu, nami nikayatafsiri kwa upole na kwa utaratibu, tena nikayapamba kidogo. Wazee wa Waorma walikaa upande mmoja wa banda la mabati, wazee wetu upande wa pili. Alipomaliza akauliza kama kuna anayepinga.

Kimya.

Mzee Barisa, msemaji wa wafugaji, mtu mwembamba anayejivunia ng'ombe wake kama ninavyojivunia vitabu vyangu, alichota tumbaku akainusa polepole, tundu moja la pua, kisha la pili. Wazee wetu walitazama mabati. Mmoja alikuwa akichokonoa jino kwa mswaki kana kwamba jino hilo ndilo lililoitiwa baraza. Bwana Shauri akatazama saa, akaniinamia, akaniuliza kwa Kiingereza kimya hiki kina maana gani.

Nilikuwa na jibu tayari. Nilikuwa nimesoma, na kushinda midahalo miwili kwa kuitumia, hoja ya wanafalsafa wa Ulaya kwamba mtu anayekaa katika nchi, akatembea katika barabara zake na kulala chini ya ulinzi wake, amekwisha kuiridhia serikali hata kama hakufungua kinywa. Ni hoja nzuri, imejengwa vizuri, na siku ile ilinijia yenyewe mdomoni. "Wamekubali," nikamwambia, nikamweleza na sababu, kwa kirefu. Alifurahi sana. Nafikiri alikuwa hajapata mtu wa kuzungumza naye vitabu tangu afike Garsen. Akaandika kwamba pande zote zimeridhia, akanipa nakala.

Tulipokuwa tunatawanyika, mzee Barisa akanishika mkono.

"Kijana, sisi narudi lini kusema?"

"Mzee, mambo yamekwisha."

"Yamekwisha?" Akacheka kidogo, akaniachia mkono. "Bado naanza, wewe nasema yamekwisha."

Nami nilijua, Esta. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikua katika vikao hivyo nikichungulia kati ya miguu ya wajomba zangu, na nilijua kwamba kwetu na kwao kikao cha kwanza ni cha kusikia tu. Jibu huja siku nyingine, na huja kwa namna yake: anayeombwa huyarudia maneno ya mwombaji kwa kinywa chake mwenyewe, yote, mpaka mwombaji aseme, naam, hayo ndiyo niliyoyasema. Hapo tu ndipo kukubali au kukataa kunapoanza. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma, na nililisahau kwa sababu sikulikuta katika kitabu chochote.

Na kuna jambo jingine, ambalo sijamwambia mtu isipokuwa mama yako. Mpunga ule ungelimwa na ukoo wetu. Sehemu kubwa ingeangukia nyumba hii. Sikudanganya kwa kukusudia, nakuapia hivyo. Lakini kimya ni chombo kitupu, na mimi nilitia humo nilichokitaka, kisha nikashangaa kukikuta.

Kiangazi kilipofika ng'ombe walikuja kama walivyokuja miaka yote. Wakakuta uzio wa miiba. Ng'ombe aliyetembea siku mbili bila maji, akasikia harufu ya mto, hana habari na uzio wala na Bwana Shauri. Walioweza kupenya walipenya, waliobaki wakazunguka, na njia ya kuzungukia ilipita katikati ya mihogo ya bibi yako. Nilipofika pale asubuhi, vijana wetu walikuwa wamekwisha kushika mapanga, na vijana wao mikuki, na umbali kati yao ulikuwa wa mtu kuruka mara mbili. Mimi mkononi nilikuwa na ile nakala.

Katikati yao wote alikuwa bibi yako, anang'oa nguzo za uzio kwa mikono yake.

"Nani aliwaambia mimi nataka mpunga?" alikuwa akipiga kelele. "Mimi sili wali, unanivimbisha tumbo! Piteni huku, huku! Barisa, huyo mwekundu wako hana adabu kama wewe!"

"Adabu yake nakauka na kiu, mama!" Barisa akajibu, huku akivuta nguzo upande wa pili.

Nikainua karatasi. Nakumbuka nilisema, kwa sauti ya mtu wa mahakamani, "Jamani, hapa kuna makubaliano!"

Barisa akasimama, akanitazama, akafuta jasho. "Ndiyo? Leta hapa. Somea ng'ombe. Ile mwekundu ndiyo mkubwa yao."

Vijana wa pande zote walicheka. Walicheka mpaka mikuki ikashuka, na yule aliyekuwa mbele kabisa na panga akalazimika kujishikilia kwa mwenzake. Sijapata kufurahi kuchekwa kama siku ile, ingawa furaha hiyo ilichukua wiki mbili kunifikia. Hakuna aliyeumia. Ng'ombe wakanywa. Mihogo ikafa.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza, na bibi yako huishia hapo kwa sababu hapo ndipo watu hushika mbavu. Kosa la pili si la kuchekesha sana, lakini lilinifundisha zaidi.

Siku ya tatu pande mbili zilikaa ukingoni mwa shamba hilo lililokanyagwa, safari hii bila serikali. Nami nikasimama kutubu. Unajua ninavyotubu: nilitubu kwa muda wa saa nzima. Nilisema kwamba historia ya mto huu imeandikwa na watu wasioujua. Kwamba wafugaji na wakulima wamefanywa mabubu katika nchi yao wenyewe. Kwamba kimya chao barazani kilikuwa kukataa, kukataa kukubwa kwa watu walionyimwa sauti, na kwamba mimi sasa naisimamisha sauti hiyo mbele ya wote. Nilisema vizuri. Mama yako mwenyewe anakiri kwamba nilisema vizuri.

Nilipotua kupumua, Barisa akainua kidole.

"Siku ile wewe nasema sisi nakubali. Leo wewe nasema sisi nakataa. Sisi yenyewe tasema lini?"

Na mzee wetu mmoja, mtu mpole sana, akaongeza: "Keti, mwanangu. Umetuchosha kwa kututetea."

Nikaketi. Sikumbuki kama nimepata kuketi kwa uzito namna ile. Kikashuka kimya kirefu, na kwa mara ya kwanza tangu nipate shahada sikuwa na la kufanya ila kukitazama. Nikaona mambo. Niliona kwamba wazee wetu hawakuwa wakimtazama Barisa. Walikuwa wakitazama mto, jinsi maji yalivyopungua, wakipima ni miezi mingapi imebaki kabla ya mvua. Niliona vijana wa Kiorma wakitazama mikono ya Barisa wajue kama amekasirika. Bibi yako alikuwa amechemsha mihogo ile ile iliyokanyagwa, akaipitisha kwa kila mtu, na kila aliyekula alikuwa anakula ushahidi. Kulikuwa na aibu katika kimya kile, na hesabu za maji, na uzee, na heshima kwa mwenye shamba. Kulikuwa na mambo kumi, na siku ya baraza mimi niliyafupisha yote kuwa neno moja.

Kisha Barisa akaanza, taratibu: "Nyinyi nasema ng'ombe yetu nakula jasho yenu." Akaendelea mpaka mwisho wa malalamiko yetu, asiache hata muhogo mmoja. Wazee wetu wakaitikia, naam. Mzee wetu yule mpole naye akasema, "Na ninyi mnasema maji si ya mwenye jembe peke yake," akayarudia yao yote. Baada ya hapo mapatano yenyewe yalichukua muda mfupi kuliko hotuba yangu. Malka ikabaki. Sisi tukarudi nyuma hatua kadhaa. Wao wakakubali kwamba siku moja kabla ya ng'ombe kufika, mtu mmoja atatangulia kutoa habari. Mpaka leo mtu huyo hufikia kwa bibi yako, na siku zote anakuta chakula.

Nilimwandikia Bwana Shauri kwamba tafsiri yangu ya siku ile ilikuwa na kosa na kwamba kosa ni langu. Alinijibu kwa adabu kubwa, akashukuru, na hakuniita tena kutafsiri. Nilijifanya sijali. Nilijali sana, kwa mwezi mzima nilikuwa nikipita kivukoni kwa baiskeli kuona kama kuna tarishi aliyetumwa kwangu.

Sasa nisamehe, kwa maana nitaingia vitabuni kidogo. Ni nyumbani kwangu pia.

Baada ya siku ile nilizifungua tena zile kurasa za wanafalsafa wangu juu ya ridhaa isiyosemwa, nikaona jambo nililokuwa nimelipita mara zote: ziliandikwa na watu waliokuwa na mahali pengine pa kwenda. Ni rahisi kusema kwamba asiyeondoka amekubali, ikiwa wewe mwenyewe unaweza kupanda meli. Mwambie hivyo mtu ambaye mto wake ni huu mmoja. Tangu hapo, nikisoma kitabu cha siasa, chochote kile, huanza kwa kumtafuta aliyenyamaza ndani yake. Kila itikadi ina watu inaowasemea, na mara nyingi ni wale wale ambao haijawauliza. Wanaotutawala husema wenyeji wameridhika. Rafiki zangu wanaotaka kututoa mikononi mwao, nami ni mmoja wao, husema wananchi wanadai. Nawauliza, wananchi gani, mlikaa nao lini, na walirudia maneno yenu kwa vinywa vyao? Wananikasirikia. Mmoja aliniambia kwamba nimekuwa Barisa. Nilikuwa na haja ya kumpinga, ila nilifurahi mno.

Chuoni tulibishana jioni moja mezani juu ya uhuru mpaka chakula kikapoa. Mpishi wetu, mtu mzima, alikuwa amesimama mlangoni akingoja vyombo. Mwenzetu mmoja akamgeukia kwa ukarimu: "Na wewe mzee, unasemaje juu ya uhuru?" Mpishi akafikiri, akasema, "Nasema hivi, vijana: nipeni sahani zangu niende kwangu." Tulicheka sana. Ilinichukua miaka miwili na shamba zima la mihogo kuelewa kwamba alikuwa amejibu swali, tena kwa ufupi unaostahili tuzo.

Usidhani basi kwamba nimeanza kukisifu kimya. Nakijua kimya cha woga. Katika miaka hii, ambapo kule bara mtu anaweza kuondolewa kitandani kwa neno alilolisema sokoni, na hata huku mkutano wa watu wachache hutakiwa kibali, nimewaona watu hodari wakishusha sauti tarishi akipita, nami nimeshusha yangu. Kimya hicho huingia nyumbani, watoto wakakirithi wakidhani ni tabia njema. Nimesikia pia habari za watu walioulizwa kwa nguvu wakakataa kujibu, na anayeuliza ndiye aliyetoka jasho. Kwa sikio ni kimya kile kile. Kitabu hakiwezi kukutenganishia; itakubidi ukae karibu na mtu, na ukae muda mrefu kuliko unavyopenda.

Huko shuleni, kama utakwenda, watakusifu kwa kunyamaza. Wasichana wa kwetu husifiwa hivyo kila mahali. Sifa hiyo ipokee kwa tahadhari, kama zawadi unayopewa na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye atakayeitumia. Ukiwa hujajibu, sema hujajibu. Ni maneno mawili, "sijajibu bado", na laiti mzee Barisa angeyasema kwa Kiingereza siku ile, bibi yako angekuwa na mihogo yake. Lakini kwa nini ayaseme yeye? Ningeuliza mimi.

Na hapa ndipo ninapokutana nawe, Esta. Jumatano nilisoma barua, nikatoa hotuba, majirani wakapiga makofi, nawe ukakusanya sahani ukatoka. Nikaona mtoto mwenye adabu. Sikuona kingine kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupata nilichokitaka. Safari hii si mpunga. Ni wewe, na umri wako wa miaka kumi na mitatu, na miaka minne ambayo utalala mbali na watu wanaojua jina lako la utotoni.

Kwa hiyo nakuuliza kama ilivyopasa nikuulize. Ukisema hapana, sitakununia. Nafasi yako atapewa msichana mwingine, nawe hutaipata tena. Sikufichi hilo, kwa maana kukuficha kungekuwa namna nyingine ya kukusemea. Mimi nitazunguka kwa wale watu wote niliowaambia umefurahi, nitawaambia nilitafsiri vibaya. Nina uzoefu wa kazi hiyo. Ukisema ndiyo, nataka iwe

Niliacha kalamu hapo kwa sababu umeingia. Sasa umetoka, jua bado liko juu ya migomba, na sitaki kukata sentensi ile wala kuimaliza. Naandika ulivyosema, ili siku moja nisije nikakisimulia kisa hiki kwa namna yangu.

Ulisimama mlangoni na ufagio. "Bibi amesema unaniandikia."

"Ndiyo."

"Ni ndefu?"

"Imerefuka."

Nikakuuliza, unataka kwenda? Kisha nikafunga kinywa. Uliutazama ufagio. Nilihesabu vijiti vyake, nilifika arobaini.

"Nataka kwenda," ukasema. "Nilitaka tangu mwanzo."

"Basi mbona…" Nikajishika.

"Ulipoisoma ile barua, Baba, ulisema mimi ndiye jibu kwa wote wanaosema binti wa mtoni hawezi kusoma. Ulisema mara mbili. Mimi sitaki kuwa jibu. Nataka kwenda kwa sababu nataka kujua dawa za hospitali zinajuaje mahali panapouma. Mtu anameza, inakwenda tumboni, lakini kichwa ndicho kinachopona. Nani aliiambia?" Ukavuta pumzi. "Na nikishindwa, nataka niwe nimeshindwa mimi. Wasishindwe Wapokomo wote."

Nilikuwa na majibu matatu, Esta, na yote mazuri. La tatu lilikuwa na mifano. Nilikutazama, umesimama na mguu mmoja juu ya mwingine kama unavyosimama tangu utoto, nikaona kwamba kwa siku nne ulikuwa unanilinda, ukingoja uone kama kuna nafasi kati ya sentensi zangu ambamo unaweza kupita bila kunivunja. Majibu yale sikukupa. Hutayakuta humu pia, hata ukiigeuza karatasi.

Liko jambo moja usilolijua. Katika bahasha ya shule niliyompa mama yako aitie katika sanduku lako, nilikuwa nimeambatisha kurasa tatu kwa mwalimu mkuu, kumweleza wewe ni nani, umetoka wapi, na nchi hii inakutazamia nini. Nimezitoa nikazichana, nikampa bibi yako awashie moto. Amesema ni mara ya kwanza maandishi yangu yanaivisha kitu. Mahali pake nimeweka nusu ukurasa: "Msichana huyu anaitwa Esta. Ana swali kuhusu dawa. Tafadhali muulizeni yeye mwenyewe."

Ni mimi baba yako, ambaye leo sina la kuongeza.